Chumba Kisichokauka

Wifi yangu Kunigunda halali. Nalisema hili mapema usije ukadhani namsengenya, maana hapa Mapera kila mtu analijua na mwenyewe hakatai. Ukipita kwao alfajiri kwenda kuchota maji utaona taa ya sola inawaka kwenye dirisha la chumba cha nyuma. Ukimwuliza kama ameamka salama atakujibu kwamba amelala kidogo, huku macho yake yamekuwa mekundu. Watoto wa jirani humwita Bibi Macho. Mimi pia humwita hivyo, lakini mimi ni wifi, nina ruhusa. Wao nikiwasikia nawachapa.

Sababu yake nitaieleza mara moja, sitairudia. Kabla kaka mdogo wangu Romanus hajajenga nyumba ya matofali, yeye na Kunigunda walikuwa na mtoto wa kiume, Pankras, aliyemfuata binti yao Hilda. Pankras alikuwa na kifua. Siku za baridi alikuwa akibanwa, mbavu zinaingia ndani, na mama yake anamkesha. Alimkesha mpaka mwili ukamshinda, akapitiwa na usingizi akiwa amemkumbatia. Alipozinduka kulikuwa kimya. Tulizika, tukasali, mvua zikaja tukapanda mahindi kama watu wengine. Ila tangu siku ile Kunigunda na usingizi hawapatani, na kimya cha chumbani anakiogopa kuliko simba. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Sasa sikiliza yaliyompata mwaka huu. Hilda, binti yake, anauza chakula Kitai, pale mabasi ya Songea yanaposimama. Mtoto wake Kilian alikuwa akilelewa na bibi yake mwingine huko Lipingo, upande wa ziwa, na kule joto ni la kutosha. Mtoto alikuwa anashinda mchangani bila shati na kifua chake hakikuwahi kulia. Yule bibi wa ziwani akafariki, Mungu amrehemu, na Kilian akapandishwa huku milimani kwa Kunigunda, mwezi wa tano, wakati kahawa zinaanza kuiva na baridi inabisha hodi.

Mwezi wa sita haujafika katikati, filimbi ikaanza. Ninaita filimbi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mtoto akivuta pumzi unasikia sauti nyembamba ndani ya kifua, kama kuna mtu anapuliza jani. Niliisikia nikiwa mlangoni, nikatazamana na wifi yangu. Alikuwa anakunja nguo, akaikunja ile ile mara mbili.

Alimbeba mgongoni hadi zahanati. Tabibu akampima, akasema ni pumu, akatoa dawa ya kuvuta kwa mdomo na kumwonyesha bibi namna ya kumshika mtoto. Kisha akauliza mtoto analala wapi. Kunigunda akaeleza. Tabibu akamwambia, "Dawa hii itamfungua, Bibi, lakini kama chumba kina unyevu na kuvu ukutani, kesho atabanwa tena. Mkikaushe chumba."

Kukausha chumba cha Mapera mwezi wa sita! Mtu wa mahali pengine hatanielewa. Huku ukungu unashuka asubuhi unakaa mpaka watu wanasahau jua lilivyo. Na ile nyumba ya Romanus, anayojivunia mbele ya kanisa zima, ni ya matofali ya kuchoma, bati juu, saruji chini, madirisha madogo yenye nondo. Chumba cha nyuma kimeegemea mlima. Ukuta wake ulikuwa unatoka jasho, kuvu jeusi limepanda nyuma ya kitanda hadi usawa wa kiuno, na picha ya Bikira Maria ilikuwa imevimba ndani ya fremu. Nyumba ya zamani ya udongo na nyasi ilikuwa na moshi, ndiyo, lakini ilipumua.

Kunigunda alianza na ngoro. Sisi Wamatengo tunalima kwenye miteremko kwa kuchimba mashimo hayo, nyasi tunazilaza chini, matuta yanayazunguka, na mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni badala ya kukimbia na udongo. Ni ufundi wa mababu zetu na tunaringa nao. Romanus alikuwa amezichimba ngoro zake mpaka nyuma ya nyumba kabisa, hakuacha hata pa kusimama kuku. Wifi akachukua jembe, akafukia safu zote zilizo karibu na ukuta, kisha akachimba mfereji wa kupeleka maji pembeni.

Romanus aliporudi alisimama na baiskeli mkononi. "Unafukia ngoro, Mama Hilda? Watu watasema nimeoa wapi?"

"Watasema umeoa Mapera," wifi akajibu bila kuinua kichwa. "Maji unayoyatunza huko nyuma yanaingia kwenye ukuta wa mtoto."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye aliendelea kuchimba. Sisi tumefundishwa kuyazuia maji yasiondoke, na yeye sasa alikuwa anatafuta namna ya kuyafukuza, bila mwalimu.

Akaenda dukani kwa Nurdini. Babu yake Nurdini alitoka Kilwa, na ingawa yeye amezaliwa hapa hapa na baridi yetu anaijua, mambo ya pwani ameyarithi. "Kwetu, Mama Hilda, bahari inaingia hadi kwenye mito ya kulalia," akamwambia. "Tia chumvi ya mawe kwenye bakuli, uiweke chumbani. Chumvi inakunywa maji ya hewani. Na mkaa mkavu, utie kwenye kapu lililo wazi. Ukilowa, uuanike juani, uurudishe. Ukuta uusugue, ukikauka upige chokaa."

Alifanya yote. Kitanda akakivuta kutoka ukutani. Kuvu akalisugua kwa maji ya sabuni, akafunga kitambaa puani kama mtu wa kupulizia dawa mibuni. Akapiga chokaa. Nguo mbichi akakataza zisianikwe ndani tena. Jua likichungulia mchana, hata kama ni la kuazima, anafungua dirisha la nyuma na mlango wa mbele pamoja ili upepo upite, na akiona ukungu unarudi anafunga mbio mbio. Jirani wakawa wanasema mama huyu anacheza na madirisha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Siku mbili tatu filimbi ikapungua, wifi akaanza kula. Kisha ikarudi, tena kwa nguvu. Ukuta ukatoka jasho juu ya chokaa mpya. Nilimkuta asubuhi moja amekaa sakafuni, sikio lake juu ya mgongo wa Kilian, anahesabu pumzi kwa midomo. Nilimsalimu hakunisikia. Hapo nikaacha utani. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kwa ajili ya mtoto na nikaogopa zaidi kwa ajili yake, kwa sababu nilijua kwamba safari hii ikitokea hatutamzika mmoja.

Romanus naye akaleta yake. Jioni, akiona mkewe amechoka, akawasha jiko la mkaa akaliingiza chumbani na kufunga mlango, eti joto litakausha. Alidhani anasaidia. Kidogo tu Kunigunda akasikia kichwa kinamgonga na mtoto amelegea begani kwake. Alipiga teke mlango, wakatoka nje wote kwenye baridi. Kesho yake tabibu alimfokea Romanus mbele ya wagonjwa. Mkaa usiowashwa unakaa ndani, akamwambia, mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unaua watu wazima, sembuse mtoto. Romanus alirudi nyumbani, jiko akaliweka nyuma ya choo.

Ni ile chumvi iliyotufungua macho. Wifi alikuwa ameweka mabakuli matatu: moja dirishani, moja mlangoni, moja chini ya kitanda. Asubuhi la dirishani lilikuwa na unyevunyevu, la mlangoni hivyo hivyo. La chini ya kitanda lilikuwa maji matupu. Akabadilisha, la dirishani likaenda chini ya kitanda. Asubuhi likawa maji. Akabadilisha tena, yakawa yale yale. Akaenda kwa Nurdini na bakuli lake kana kwamba amebeba ushahidi wa mahakamani.

"Chumvi yako nyingine ni mbovu, Bwana Nurdini."

"Chumvi ni ya gunia moja." Nurdini akalitazama bakuli. "Hili lilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Na chini ya kitanda kuna nini?"

Kunigunda akachukua bakuli lake, akaondoka bila kuaga. Nurdini alidhani amemkosea. Hakumkosea. Alimwuliza tu swali ambalo mkulima wa huku kwetu Mbinga hamjibu mtu wa nje, hata kama ni rafiki, hata kama ni padri.

Chini ya kitanda kulikuwa na kahawa.

Sisi kahawa yetu hailali nje. Ukishaimenya, ukaivundika, ukaiosha, unaitandaza kwenye kichanja ikauke, na jioni unaikusanya yote unaiingiza ndani, kwa sababu ya umande, na kwa sababu ya wezi. Si sebuleni. Chumbani, unapolala mwenyewe, uvunguni mwa kitanda, ili mwizi apite kwanza juu ya mwili wako. Baba yetu alifanya hivyo, Romanus anafanya hivyo, na mimi marehemu mume wangu alifanya hivyo. Chama cha ushirika hakipokei kahawa mbichi, kwa hiyo inakaa nanyi mpaka ikauke. Asubuhi inatoka, jioni inaingia. Na siku za ukungu haitoki kabisa, inalala na nyinyi mchana na usiku juu ya turubai, na nyinyi mnaiona ni jambo la kawaida kama kuku kulala jikoni.

Wifi alikuja kwangu moja kwa moja kutoka dukani. Hakukaa. "Wifi, twende ukashike kitu."

Tuliinama sote wawili, vikongwe wenye magoti mabovu, tukaingiza mikono uvunguni. Kahawa ilikuwa na uvuguvugu. Nilitoa mkono ukiwa umelowa kana kwamba nimetoka kufua. Turubai kwa chini lilikuwa linateleza.

"Inakauka," nikasema, kwa kuwa ndivyo tunavyosema siku zote.

"Ndiyo, inakauka," Kunigunda akasema. "Na maji yake yanakwenda wapi?"

Tulitazama kitandani. Kilian alikuwa amelala hapo juu, mdomo wazi, filimbi inalia. Ngoro tumefukia, ukuta tumesugua, madirisha tumefungua na kufunga, na mto wa maji wenyewe tumeulaza chini ya mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako.

Unadhani hapo mambo yaliisha? Humjui Romanus. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa. Mwaka jana Othmar, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, aliacha kahawa yake nje kwa siku moja tu, wezi wakaikomba hadi kichanja chenyewe. Romanus alikuwepo alipolia mwanaume mzima. "Kahawa haitoki chumbani," akasema. "Tutafute dawa nyingine."

"Dawa zimekwisha, Baba Hilda."

"Basi mtoto alale sebuleni."

"Nyumba ni moja, hewa ni moja. Nimeweka chumvi hadi sebuleni, nimeona." Sauti yake haikupanda. Mimi nilitamani ipande, maana ilikuwa inanitisha ilivyokuwa. "Kama haitoki, nitatoka mimi. Nitashuka na Kilian Kitai, tukabanane kwenye kile chumba cha Hilda."

Romanus akanigeukia. "Dada, mwambie wifi yako. Kahawa ndiyo inayotulisha."

Ilikuwa zamu yangu kusema, mimi niliye mkubwa wake, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kunigunda akanitangulia.

"Mbuni ukichumwa mwaka huu, mwakani unazaa," akasema. "Pankras je? Alichipua?"

Jina lile lilikuwa halijatajwa katika nyumba hiyo kwa miaka. Romanus alisimama, akavaa kofia yake, akatoka. Tulidhani amekasirika. Baadaye kidogo tukasikia panga kwenye mianzi.

Alijenga kibanda nyuma ya jiko, kwenye uwanda unaopata upepo. Sakafu ameinyanyua juu ya nguzo, kuta za mianzi zenye nafasi za kupitisha hewa, bati juu, mlango wenye kufuli. Kahawa yote ikahamia huko, imetandazwa nyembamba juu ya vichanja. Kuna wanaume walikuja kuangalia na kucheka, wakasema Romanus amejengea kahawa nyumba ya kukodisha. Yeye aliendelea kujenga. Kila msumari alioupiga niliona kama anaupiga kwenye jambo jingine.

Chumba kikaanza kukauka. Kwanza harufu ilipotea. Kisha chokaa ikawa nyeupe na kubaki nyeupe. Bakuli la chini ya kitanda likaamka na chumvi. Wifi alinionyesha, akaitikisa isikike, akacheka kidogo na kujizuia, kama mtu anayeogopa kwamba furaha ikisikika itakuja kuchukuliwa. Usiku bado alikuwa macho, taa inawaka. Alisema filimbi ipo, imekuwa ndogo, inabidi ainame karibu ndipo aisikie. Alinisimulia hivyo kwa wasiwasi mpya: zamani aliweza kuisikia akiwa mlangoni, sasa akiwa mbali kidogo hajui mtoto yu hai au la.

Wiki ile ile, alfajiri, nikasikia yowe.

Nilijua ni sauti yake. Wazee hatukimbii, lakini nilikimbia. Njia nzima nilikuwa nasema Bwana usifanye hivi, usifanye hivi mara ya pili. Nikaona dirisha la chumba cha nyuma: taa imezimwa. Kwa miaka yote niliyopita hapo alfajiri sijawahi kuliona lile dirisha likiwa na giza. Nikashika mti wa ua.

Nilipoingia, Kunigunda alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kanga imemwanguka, amemshika Kilian kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa anamtazama kwa hasira, nywele zimemsimama, kama mtu yeyote aliyeamshwa kwa kelele.

"Bibi, mbona unapiga kelele?" akauliza. Sauti ilikuwa safi.

"Nililala, wifi," Kunigunda akaniambia. "Nilizima taa nipumzishe macho tu, nikalala hadi kumekucha. Nikaamka, kimya. Kimya kabisa, wifi, hakuna filimbi, hakuna kitu. Nikajua tayari."

Nilikaa kitandani, nikaweka sikio langu kwenye mgongo wa mtoto. Pumzi iliingia ikatoka, imenyooka. Kisha nikamfunga wifi yangu kanga yake.

Hapo ndipo Romanus alipoita kutoka nyuma ya jiko. Aliita jina la mkewe, si Mama Hilda, bali Kunigunda, jina lake. Tulitoka. Mianzi ya kibanda ilikuwa imekatwa upande wa bondeni, vichanja viwili vya kahawa iliyokaribia kukauka vimebaki vitupu, na punje zilikuwa zimedondoka njiani kuelekea mtoni hadi zilipoishia. Kilichobaki ni kahawa ya mkupuo wa mwisho, mbichi.

Nilimtazama kaka yangu. Nilingoja amwambie mkewe yale ambayo mwanaume yeyote wa hapa angesema. Alikuwa anatazama ule upenyo, kisha dirisha la chumba cha nyuma, kisha ule upenyo tena.

"Taa ilikuwa imezimwa," akasema polepole.

"Nililala," Kunigunda akasema. Alikuwa amemshikilia Kilian kifuani, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Nisamehe, Baba Hilda. Nililala."

Romanus akavua kofia. "Miaka yote hii nasema kinachozuia wezi ni kufuli langu," akasema. "Kumbe waliogopa taa yako."

Alimsogelea, akaweka kiganja chake kikubwa kwenye mgongo wa mtoto, akakiacha hapo muda mrefu. Kilian akalalamika kwamba mkono una baridi.

Jioni ile Romanus alichukua mkeka na mablanketi mawili akahamia kibandani na kahawa iliyobaki, na yuko huko mpaka leo, anakohoa na kulalamika kuhusu umande. Mimi nilipita kwao kabla ya giza kuingia, nikamkuta wifi yangu mlangoni mwa chumba cha nyuma, kidole kwenye swichi ya taa.

"Nizime?" akaniuliza, kana kwamba mimi najua.

"Zima," nikamwambia.

Akazima.